Kitambaa Juu ya Kompyuta

Mwishoni mwa miaka ya tisini, chuo chetu cha kompyuta pale Ukunda kilitutuma wanafunzi watatu tuunde programu ya kupangia wageni vyumba katika hoteli moja ya Diani. Mwalimu alisisitiza tusingoje mpaka iishe: kila Ijumaa tumwonyeshe mteja kipande kinachofanya kazi, atuambie kasoro, turekebishe.

Mteja wetu alikuwa mama wa mapokezi. Tulimwamkia shikamoo, akabonyezabonyeza, akasema, "Mashallah, wanangu, haina kasoro," kisha akatuletea chai na mahamri. Nasi tukazidi kujenga juu ya sifa hizo.

Jumanne moja nikapita bila taarifa. Kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake chombo cha maua. Mama alikuwa akiandika vyumba ubaoni kwa chaki, kama zamani.

"Haifai, mwanangu," akakiri. "Mgeni akihama chumba, jina lake lapotea. Ni hivyo tangu mwanzo."

"Mbona hukutuambia?"

"Mlikuwa mwaja na furaha. Ningewavunjaje moyo?"

Afadhali angetutukana Ijumaa ya kwanza! Akanimiminia chai. Nikaiacha mezani, nikatoka bila kuaga.