Cherehani ya Mahari

Nusura binti Farouk alikuwa mshonaji wa Nateete. Kwa cherehani moja ya mguu aliwalisha mabinti zake watatu tangu mumewe, Mansur, alipobeba sanduku lake na kuhamia kwa mwanamke wa Kabalagala. Talaka hakumpa, matumizi hakumpa. Nusura hakumshitaki popote. Alishona sare za shule, akaswali, akanyamaza.

Alasiri moja ya mwaka sabini na nne mlango ukagongwa kwa rungu. Akaingia Sulaimani, aliyegawiwa mojawapo ya maduka ya vitambaa yaliyoachwa na Wahindi waliofukuzwa nchini, na nyuma yake polisi mmoja wa kaskazini, Opoka, mrefu hata akainama kupita. Siku zile za utawala wa jeshi, askari akiingia nyumba ya mtu, majirani walifunga madirisha kwanza, maswali baadaye. Nusura alilisikia la jirani likifungwa.

"Dada Nusura," Sulaimani alisema, hata salamu hakutoa, "mumeo alichukua kwangu jora kumi na mbili kwa mkopo, sasa haonekani. Nimefuata cherehani."

"Alichukua lini?"

"Mwezi wa Rajabu."

"Rajabu alikuwa keshaondoka hapa mwaka mzima na zaidi. Kamuulize anayempikia."

"Yule hana hata sufuria ya maana. Wewe una cherehani."

Opoka aliipapasa cherehani kama mtu anayepima ng'ombe mnadani. "Mama, mimi nauliza neno moja tu. Nyinyi mulirudisha mali ya bwana?"

"Mali gani?"

"Ile alitoa kukuoa."

Nusura hakuzoea kusema uongo, hata mbele ya askari. "Hatukurudisha kitu."

"Basi imekwisha. Kwetu, kama ng'ombe hawajarudi, wewe bado ya bwana. Kitu yako ya bwana. Deni yake pia yako." Akamwashiria Sulaimani ashike upande wa pili.

Wakainyanyua. Uzi ukakatika, sare iliyokuwa chini ya sindano ikaning'inia. Bila chuma kile wanawe wangekula nini kesho? Alimwita Mola wake kimoyomoyo, na hapo ndipo alipotambua kwamba askari huyu hakuwa na ubaya. Alikuwa akiipima ndoa yake kwa desturi za kwao.

"Afande, ngoja kidogo. Kwenu mali hupewa nani?"

"Baba ya msichana. Nani mwingine?"

"Kwetu hupewa msichana mwenyewe. Baba yangu hakula hata senti. Mahari yangu ndiyo hiyo mliyoishika."

Opoka akaishusha upande wake. Sulaimani akabaki ameinama na wake.

Nusura alitoa cheti cha ndoa katika mfuko wa msahafu. Opoka akakisoma polepole, kidole chini ya kila neno: mahari, cherehani moja ya mguu, imekabidhiwa bibi harusi. Chini, sahihi ya Mwalimu Uthman, aliyewaozesha.

"Sasa mwanamke anakula ng'ombe yake mwenyewe!" Opoka akacheka kwa mshangao. "Sulaimani, wewe Mwislamu. Hii ulijua?"

Sulaimani aliushusha upande wake. Alitoa karatasi mfukoni, sauti yake ikawa laini ghafla. "Sawa, dada yangu. Weka sahihi hapa tu, kwamba nilifika."

Nusura aliisoma yote. Katikati paliandikwa: nitalipa kwa niaba ya mume wangu.

"Hii sisaini."

"Watu wanapotea mji huu, unajua. Kama Mansur kafa, utamwacha alale kaburini na deni?"

Neno hilo lilimchoma kuliko rungu. Alikuwa na hofu ya Mungu, na Mansur ni baba wa wanawe. Akakisukuma kando kikalamu alichonyooshewa.

"Nitamwombea," alisema. "Akiacha mali, dai katika mali yake. Mimi sikula jora hata moja."

"Nitaleta watu wa kambini!"

"Leta," alisema Opoka. "Mimi naandika kwa kitabu ya polisi: mali ya mwanamke, si ya mdaiwa." Akaandika amesimama, akamsukuma Sulaimani nje kwa kiwiko.

Nusura alifunga mlango, akaurudisha uzi kwenye sindano. Ilimchukua mara tano kuupenyeza.