Kitambaa cha Njano Kilichotoka Damu Kalundu

Nina kovu juu ya jicho la kushoto. Watu wakiniuliza nimelipata wapi, nawaambia nilipigwa tofali kwa sababu ya manjano ya pilau.

Wanacheka. Wacheke tu, siku ile hakuna aliyecheka.

Naitwa Fabiola. Nafundisha darasa la tatu hapa Uvira, na nakaa Kalundu, upande ule wavuvi wanakoanika ndagala.

Miezi ile shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya vita. Milio ya bunduki ilikuwa inashuka kutoka milima ya Rurambo, mabomba ya maji yamekauka, na wazazi wamefungia watoto ndani.

Wanangu wawili, Victoire na Toussaint, walikuwa na mchezo mmoja tu. Wanaokota vijiti, wanavifanya bunduki, mmoja anapiga na mwingine anakufa. Kutwa nzima watu wanakufa uani kwangu.

Nikachoka. Nikawaambia, shule imefungwa lakini jiko langu halijafungwa, njooni hapa.

Tukaanza kazi za mikono. Tulifinyanga mlima wa udongo, tukatia bikabonati ndani, tukamimina siki, mlima ukatapika povu mpaka kuku wakakimbia. Tukaponda majani ya lengalenga tupate rangi ya kijani. Makaa yakatupa nyeusi.

Haikupita muda, watoto wa majirani wakaanza kuruka ukuta.

Walichopenda kuliko vyote ni manjano. Unakoroga manjano na maji, unapaka kwenye karatasi, unaianika. Ikikauka unachovya unyoya wa kuku kwenye maji ya sabuni, unachora. Pale unapochora, njano inageuka nyekundu, nyekundu ya damu kabisa.

Ukikamulia ndimu, inarudi njano.

Watoto walipiga kelele mpaka mzee mmoja akaja kuuliza kama kuna msiba. Nikawaeleza kwamba hakuna miujiza hapo. Manjano ikikutana na sabuni inageuka, basi. Wakaelewa, na watoto wakielewa kitu hawakiogopi tena.

Sabuni iliyofanya kazi vizuri kuliko zote ilikuwa ya Bibi Concilie.

Huyu ni jirani yangu, mjane, mpika sabuni ya mawese na soda. Mikono yake imebabuka kwa soda, kucha zimeliwa. Hana watoto, hana maneno mengi, na siku akifungua mdomo ni mkali kama pilipili. Mtaa mzima ulifua kwa sabuni yake, na mtaa huohuo ulimsengenya.

Halafu Rémy akafa.

Rémy alikuwa kijana mvuvi, mtoto pekee wa Mama Florentine. Asubuhi alitoka ziwani anatania watu. Mchana akaanza kutapika na kuharisha. Jioni macho yalikuwa yameingia ndani, ngozi imelegea. Kulipokucha hatukuwa naye.

Kwetu, kijana akiondoka haraka namna hiyo, watu hawasemi ugonjwa. Wanasema karuho, ile sumu ya kutiwa kwenye chakula. Na karuho haijitii yenyewe, lazima kuwe na mkono.

Mtu mmoja akakumbuka kwamba Rémy alikula ugali kwa Bibi Concilie juzi yake. Neno hilo lilikwenda mpaka makaburini na kurudi.

Tulipotoka kuzika tulikuta beseni la maji mlangoni pa nyumba ya kilio. Ndiyo desturi. Mnatoka makaburini, mnatumbukiza mikono kwenye beseni moja, mmoja baada ya mwingine, ndipo mnaingia kukaa na wafiwa. Ni njia ya kusema msiba huu ni wetu sote.

Bibi Concilie hakutumbukiza. Alikuwa amekuja na kapu la sabuni, ndiyo rambirambi yake, na kijagi cha maji. Akasimama pembeni, akajipaka sabuni, akajimiminia.

Pitchou, mjomba wa Rémy, akamuuliza, "Weye, beseni yetu iko na nini?"

"Minye siingize mikono mu maji ya batu bote," Bibi akajibu. "Niko na sabuni yangu."

Watu wakatazamana. Nilitaka kumvuta kando nimwambie, bibi, leo si siku ya ujeuri. Sikumwahi.

Maana pale mlangoni kulikuwa na mtu amesimama, amevaa kanzu nyeupe. Nabii Jean-Berchmans, kutoka Sange, ndivyo walivyomtambulisha. Mkononi ameshika kitambaa cha njano.

"Kitambaa hii niliiombea," akasema kwa sauti ya upole. "Kila muntu apanguse mikono hapa. Mikono yenye iliua, itatosha damu, damu itaonekana hapa."

Wakapita. Mikono mibichi ya beseni, mmoja mmoja. Kitambaa kikabaki njano. Nami nikapita, njano.

Akaja Bibi Concilie. Akapangusa haraka haraka, kama mtu mwenye kazi nyingine ya kufanya.

Kikawa chekundu.

Alama za vidole vyake zilitokea pale, zote, wazi, kama mtu aliyechinja kuku.

Nabii mwenyewe alirudi nyuma. Nakumbuka hilo vizuri, ingawa wakati ule sikulitilia maanani.

Pitchou ndiye aliyepiga kofi la kwanza. Bibi akaenda chini na kapu lake, vipande vya sabuni vikatawanyika. Kijana mmoja akaja na kasia la mtumbwi, akampiga nalo mkononi, na mfupa ulilia, mimi niliusikia. Mwanamke ambaye kila wiki hununua sabuni kwake alimkanyaga mdomo kwa kiatu. Jino likatoka.

Bibi hakupiga kelele. Alijikunja tu, akafunika kichwa kwa mkono uliobaki mzima.

"Lete pine ya gari," mtu akasema. "Na mafuta."

Hapo nami ndipo akili iliponirudia. Yale yalikuwa manjano na sabuni, kazi niliyofanya na watoto uani kwangu juzi tu, na sasa watu wanataka kumchoma bibi wa watu kwa ajili yake.

Nikaokota kipande cha sabuni, nikachovya mkono kwenye jagi, nikausugua. Nikamnyang'anya nabii kitambaa chake.

"Niangalieni," nikasema. "Minye ni Madame Fabiola, munanijua. Muangalie vizuri."

Nikapangusa. Kikawa chekundu.

"Munaona? Hii ni sabuni tu. Hakuna damu hapa."

Nikavuta pumzi, nikadhani nimeshinda. Mwalimu bwana, anaamini mtu akiona ameelewa.

Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma. "Kumbe bako babili." Yaani wachawi sasa ni wawili.

Tofali lilikuja kutoka upande huo. Sikuliona. Nilijikuta nimepiga magoti, jicho limejaa damu yangu mwenyewe, ile ya kweli, na mtu ananivuta kwa kitenge kunipeleka alipolala Bibi Concilie. Nikapigwa teke la mbavu. Nikasikia harufu ya mafuta ya pikipiki, nikayasikia yakinimwagikia miguuni.

Niliogopa, sitaki kuwadanganya. Niliwafikiria Victoire na Toussaint, nani atawapikia jioni. Ndicho kitu pekee kilichonijia.

Pitchou alikuwa na kiberiti.

Ndipo Mama Florentine, aliyekuwa akisikia yote, akatoka ndani.

Alitoka taratibu, nywele zimefumuka, kitenge kimefungwa kiunoni kama wanavyofunga wafiwa. Watu wakampisha. Mwenye msiba hazuiliwi.

Akainama, akaokota sabuni mavumbini. Akaisugua mikononi, akajimiminia maji yaliyobaki kwenye jagi. Akachukua kitambaa.

Chekundu, viganja vyote viwili.

"Mutoto wangu nilimuosha na sabuni hii," akasema. "Leo asubuhi. Minye mwenyewe, kichwa mpaka miguu. Kama mikono hii njo iliua, basi niko minye mulozi."

Akaja akaketi katikati yangu na Bibi Concilie, juu ya mafuta yaliyomwagika.

"Dada, toka hapo," Pitchou akasema.

"Washa, Pitchou."

"Dada."

"Nimesema washa. Anza na minye."

Pitchou alitoa njiti, akaiweka kwenye kiberiti. Mwisho akaitupa chini bila kuiwasha, akalia kama mtoto.

Ningependa hadithi iishe hapo. Haikuisha.

Umati ulikuwa umekuja na hasira, na hasira ukishaipandisha haikubali kurudi nyumbani hivihivi. Mtu akasema, "Na nabii naye aoshwe." Wakamkamata Jean-Berchmans, wakampaka sabuni kwa nguvu, wakamfuta kwa kitambaa chake.

Chekundu, bila shaka. Kingekuwa na rangi gani nyingine?

Nilipiga kelele kwamba kile kitambaa hakisemi kitu, kwamba hata mtoto wa miaka sita angewaeleza. Nani anisikilize? Kasia likapanda na kushuka. Mawe. Mtu alimrukia kifuani kwa miguu yote miwili. Kanzu nyeupe ikawa na rangi ambayo ndimu haiwezi kuirudisha.

Wanajeshi walifika wakapiga risasi hewani, watu wakatawanyika. Nikatambaa mpaka alipolala. Alikuwa bado anapumua.

"Madame," akaniambia, "minye sikudanganya. Nilichovya kitambaa mu manjano ikuwe ya kupendeza. Muke wangu akaifua na sabuni, ikatosha damu. Nikasema Mungu amenipa kazi." Akakohoa. "Inafanyaka namna gani?"

Nilianza kumweleza. Sikumaliza, akawa ameshaenda.

Baada ya kilio kile watu wengi waliugua. Kutapika, kuharisha, macho kuingia ndani. Pitchou alilazwa, akaponea chupuchupu. Watu wa afya walikuja na maji ya dawa, wakasema kipindupindu, na ndicho kilichomchukua Rémy. Lile beseni la mlangoni liligawa ugonjwa kama sadaka. Waliomuuguza Rémy walikuwa wametia mikono humo, na waliobeba maiti, na sisi wote nyuma yao.

Bibi Concilie hakuugua. Niamini mimi, kuna watu waliosema, "Si munaona? Yeye haiko mugonjwa."

Sasa sikieni kilichoniumiza kuliko tofali.

Asubuhi moja Mama Florentine alikuja kwangu. Nikampa kiti, nikamshika mikono, nikamwambia, mama, uliniokoa, sitasahau. Nilikuwa namwona kama mtu pekee aliyeelewa siku ile.

Akafungua fundo la kitenge chake. Akatoa kitambaa kipya, cha njano, amekipaka mwenyewe.

"Ile ya nabii ilikuwa ya bongo, ya kudanganya," akasema. "Weye njo unajua kazi hii. Fanya ya kweli, Madame. Unionyeshe nani aliniulia mutoto."

Kumbe hakuketi juu ya mafuta kwa sababu alijua hakuna muuaji. Aliketi kwa sababu alijua muuaji si Concilie, na alimtaka mwenyewe.

Nikawaita watoto. Nikaweka sabuni, ndimu, manjano na majivu mezani, nikamwambia, mama, kaa hapa tufanye pamoja, pole pole. Victoire akamwelekeza jinsi ya kushika unyoya. Mama Florentine akachora mstari, ukawa mwekundu. Akakamulia ndimu, ukarudi njano. Akarudia. Akarudia tena.

"Basi inaonyesha nini?" akaniuliza.

"Inaonyesha mikono iliyonawa kwa sabuni, mama. Hakuna kingine."

Akaigusa ile karatasi kwa kidole.

"Siku ile, benye kitambaa ilibakia njano…"

"Hawakuwa wamenawa kwa sabuni. Hata mimi."

"Na Concilie alikuwa amenawa."

"Ndiyo, mama."

Akaweka unyoya chini. Aliwatazama watoto wangu, halafu akaitazama mikono yake, nyuma na mbele.

"Maji ya kunywa ya Rémy," akasema, "nilichota minye. Mu ziwa, pale chini ya vyoo. Bomba ilikuwa imekauka. Sikuchemsha, makaa ilikuwa imeisha."

Nilitamani nimdanganye. Nilitamani niwe na jina la mtu wa kumpa. Ningemwambia ni vita vilivyokausha mabomba, na ni kweli, lakini hakuja kuniuliza habari za vita.

Nikamkumbatia tu, akalia mpaka bega langu likalowa.

Siku hizi Mama Florentine anapika sabuni na Bibi Concilie, maana mkono wa Bibi uliunga vibaya na hawezi kukoroga. Hawaongei sana. Sijui kama Bibi amewasamehe watu wa mtaa huu, na mimi sijamuuliza.

Funzo langu ni hili, lichukueni au liacheni. Mtu mwenye uchungu hatafuti jibu, anatafuta shingo ya kukaba, na atakayempa shingo ndiye atakayeitwa nabii. Wafundisheni watoto kuuliza kitu kinafanyikaje wangali wadogo, mezani, kwa manjano na ndimu. Wakisubiri mpaka siku ya msiba, watakuwa wamechelewa.

Na kabla ya kuushika mkono wa jirani yako kuutafutia damu, nenda kwanza ukanawe wako. Kwa sabuni.