Dawa ya kupe wa ng'ombe nimempaka paka

Mie ndiye daktari wa paka wa Vitongoji nzima, muulizeni yeyote.

Haya, uongo. Leo nimekaribia kumuua wangu mwenyewe.

Paka huyu namwita Sheha, kama mkubwa wa serikali wa mtaa wetu, maana kutwa kulala na chakula anakula kwa watu. Viroboto wamemzidi. Nikenda mjini Chake dukani, muuzaji akanimiminia dawa ya kupe wa ng'ombe kwenye chupa ya soda.

"Paka mtie kidogo tu mgongoni, mzee. Kizibo kimoja."

Nikamtia. Tena kwa bashasha!

Yakhe, paka hujiramba mwili mzima! Sheha kajiramba, mara mate yanamtoka, miguu inatetemeka, kaanguka ubavu.

Mke wangu, Bi Time, akaniuliza, "Chupa umeisoma?"

"Haina maandishi."

"Na yangekuwepo, ungeyasoma?"

Msicheke.

Nikampigia daktari wa mifugo. Kasema dawa ya ng'ombe, hata ya mbwa, inaweza kumuua paka. Nimwoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha nimpeleke haraka, na chupa niichukue.

Jamani, dawa ya kumiminiwa, isiyo na karatasi yake, msimpake mnyama wenu.

Nimeshamwosha, nimemfunga kanga ya Bi Time. Bado anatetemeka.

Hamadi jirani yangu, juzi nimekuchungia mbuzi wako kutwa nzima ukaenda harusini Kiuyu. Njoo na pikipiki sasa hivi utupeleke Chake kwa daktari. Mie nitampakata, wewe kwepa mashimo tu.