Sababu Ambazo Hakuna Aliyeziuliza
Siku ya talaka yetu tulikuwa bado tunaishi nyumba moja, huku Uarabuni, mtaa wa Al Mankhool. Kesi ilisikilizwa kwa video. Mume wangu alikaa sebuleni na simu yake, mimi chumbani na yangu.

Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Shangazi yangu, ambaye talaka yake kule Kenya ilimchukua miaka, alikuwa amenionya: "Andika kila kitu. Watataka kujua alikukosea nini." Nikajaza kurasa nne: siku alizopotea bila kuaga, maneno aliyonitolea mbele ya wenzangu wa kazi hotelini, na mengine ambayo sikuwahi kumwambia mtu.

Hakimu alizungumza Kiarabu, mkalimani akatafsiri. Aliuliza kama bado nataka talaka.

"Ndiyo," nikasema.

Akamuuliza mume wangu kama ameelewa. Jibu lake nililisikia mara mbili, kwanza kupitia ukutani, kisha kwenye simu. "Nimeelewa."

Nikashika karatasi zangu. "Nieleze sababu sasa?"

"Hakuna haja, madam," mkalimani akasema. "Kwa sheria hii mpya ya wasio Waislamu, mmoja akitaka talaka, inatosha. Haulizwi sababu."

Hakimu akasema maneno machache, na kikao kikafungwa. Chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Niliketi pale pale kitandani nikitazama pazia. Baadaye mume wangu akabisha hodi. Miaka sita ya ndoa hakuwahi kubisha mlango huo.

"Ndiyo imeisha?"

"Khalas. Imeisha."

Akaegemea mlango. "Mimi pia nilikuwa nimeandika yangu."

Sikumuuliza ameandika nini. Akasema anaingia lindoni Al Barsha saa tisa, akaomba kuoga kwanza. Nikapiga pasi sare yangu. Nilipomaliza nikaona nimepiga na yake, nikaitundika mlangoni.

Shangazi alipiga simu jioni. "Uliwaambia nini?"

"Niliwaambia ndiyo."

"Ndiyo tu?"

Tulipokata simu nikangoja machozi, hayakuja. Nikala, nikalala.

Mwisho wa mwezi alihamia kwenye nyumba ya walinzi wa kampuni yake. Nikapata wa kuishi naye, dada Mtanzania anayefanya kazi dukani. Nilipomwambia nimeachana na mume wangu, alisema, "Pole, dada." Nikashukuru, nikamwonyesha kabati lake.