Mkono wa Babako

Kila tulipokaa kula, mama alinifunga mkono wa kushoto mgongoni kwa kipande cha kanga kuukuu. Hakukikaza, na alikifungua sinia lilipoondolewa. Kula kwa kushoto ni aibu, hilo kila mtoto wa Ngamiani alilijua miaka ile ya hamsini. Ila wenzangu kofi moja liliwatosha. Mimi nilikuwa na miaka minane na mkono bado ulitangulia wenyewe.

Nyumba yetu ilikuwa ya wanawake watatu: bibi mzaa mama, mama na mimi. Harufu yake ninayo mpaka leo, iliki, mafuta ya taa, na ukili wa mikeka aliousuka bibi ukumbini. Ningerudishiwa asubuhi moja tu ya nyumba ile, na kengele za baiskeli zikipita dirishani, ningeipokea hata na kufungwa kwake.

Mama aliuita mkono ule "mkono wa babako". Baba alimwacha nikiwa sijaota meno, akarudi kwao Pongwe, naye alikuwa wa kushoto. Nikivunja kikombe, ni baba. Nikijibu kwa jeuri, na jeuri ninayo, ni baba vilevile. Mama husema mtoto wa nyoka ni nyoka. Bibi, bila kuinua macho kwenye ukili, humjibu kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wanangu huniambia wataalamu bado wanabishana juu ya jambo hilo. Kwetu ubishi ulikuwa wa kila mlo, na mimi katikati nikingoja kujua nani atashinda. Niliogopa sana. Niliamini kuwa siku moja damu ile itaamka, nami nitamwacha mama kama alivyoachwa na baba, bila hata kuaga.

Kisha baba akafa. Mama hakutaka twende. Bibi akasema mtoto hakosi matanga ya babake, na asubuhi yake tukawa Pongwe, kwa watu ambao sikumjua hata mmoja.

Wanawake walikuwa uani wakipika. Kazi ilikuwa nyingi, basi shangazi mmoja akanikalisha juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Nyumbani mama hakuwahi kunipa mbuzi. Alinipa mchele nichague na kunde nichambue, kwani alijua kwenye nazi mkono utajisahau. Nao ukajisahau. Nazi iliangukia sahanini nyeupe na laini, nikaona raha, mpaka nilipotambua kuwa wapishi wananitazama mkono. Mama alisimama na sufuria mkononi, uso umemshuka kwa haya.

Kando yangu palikuwa na mbuzi ya pili, na juu yake bibi kizee mwembamba, mamake baba. Tulipofika nilimpa shikamoo akaitikia bila kunitazama, kwa machozi. Sasa alinitazama. Naye alikuwa akikuna kwa kushoto.

"Mkono huo wangu," aliniambia. "Babako kauchukua kwangu, nawe umeuchukua kwake." Kisha akamgeukia mama. "Mie nimezaliwa hapa, nimeolewa hapa, mume wangu nimemuuguza hapa mpaka nikamzika. Sikumwacha mtu. Mwanangu mkono nilimpa. Kukuacha wewe sikumpa mimi."

Mama alikuwa ameapa njia nzima kwamba hatatoa chozi Pongwe. Akaweka sufuria chini, akamkumbatia mkwewe wa zamani, wakalia. Nikalia na mimi, ila mimi nililia kwa furaha, kwenye matanga ya babangu mwenyewe, Mungu anirehemu.

Tuliporudi Ngamiani, sinia lilipowekwa nilipeleka mkono mgongoni nikangoja. Mama hakuja na kile kipande cha kanga. Alinisogezea wali, akaniambia nile kwa kulia, nami nikala kwa kulia, kama nilavyo mpaka leo. Bibi alidhani ameshinda, akatabasamu mpaka tulipomaliza kula.

Kesho yake mama aliniita uani. Mbuzi ilikuwa imeshafunguliwa na nazi imeshavunjwa. Nilikaa, nikashika nusu ya nazi kwa mkono wa kulia ili nimfurahishe. Mama akaitoa, akaitia katika mkono wa kushoto.

"Kuna," akasema, "kwa mkono wako."