Sekunde Saba za Kalengera

Kosa langu kubwa katika kazi hii lilikuwa la sekunde saba. Ningeweza kuzikata. Niliziacha kwa sababu zilikuwa nzuri.

Kutengeneza video nilijifundisha mwenyewe, kwa simu, nyumbani kwetu Mabanga, mjini Goma. Sijawahi kukaa mbele ya mwalimu, na labda ndiyo maana sina raha: nikimaliza video ya dakika moja, naitazama mara thelathini nikitafuta aibu iliyojificha ndani yake. Kampeni ilipoanza, mgombea mmoja wa ubunge alinipa nafasi. Nilimfilimu huko Himbi, mtaa wa matajiri kando ya ziwa, amevaa suti, akiongea Kifaransa kilichonyooka. Mwanga ulikuwa safi, sauti safi. Dada yangu akaipeleka video sokoni kwa wamama anaouza nao makala, mkaa wa kupikia. Hawakufika hata katikati.

"Huyu papa anatafuta kura ama anauzisha parseli ya kujenga nyumba?" mmoja aliuliza.

"Anauzisha," mwingine akajibu. "Angalia nyuma yake, hata majani yamenyolewa!"

Dada alinisimulia huku akicheka. Mimi nilishindwa kumaliza sahani yangu.

Nikaanza kuchunguza matangazo ambayo wale wamama waliyatazama hadi mwisho. Ahadi hazikuwashika, wala muziki. Walishikwa na mtu anayefanana na shangazi yao, aliyesimama juu ya mawe yetu meusi ya volkano, sauti ikitetemeka kidogo. Na lazima aseme kwao ni wapi. Huku kwetu, mutu asiyesema anatoka wapi ni kama hajaanza kuongea.

Basi nikaenda kwenye kambi ya wakimbizi wa vita, pembeni mwa mji. Huko nilikutana na mama mmoja wa Kalengera, barabara ya kwenda Rutshuru. Alikuwa kambini na watoto wake. Bwana yake alikuwa amerudi kijijini kulinda maharage mpaka yavunwe, ingawa kijiji kilikuwa mikononi mwa watu wenye silaha. Nilimweleza mama video ni ya nani. Itafika wapi, sikumweleza, maana mimi mwenyewe sikuwa nimewaza. Alijifuta uso kwa kitenge, akasimama wima, na kabla sijamwambia aanze, akajitambulisha kama anavyojitambulisha mgeni kanisani:

"Mimi ni mama wa watoto tano, natoka Kalengera, karibu na kanisa. Bwana yangu iko kule na maharage yetu."

Kisha akasema kwamba mgombea aliwaletea sabuni na maji, na kwamba anamwamini atawarudisha nyumbani. Yeye mwenyewe hangepiga kura. Kwa sababu ya vita, kwao hakuna aliyeandikishwa.

Msaidizi wa mgombea alitaka zile sekunde saba za mwanzo zikatwe, aliona zinachelewesha. Nilibishana naye. Nilimwambia bila maneno yale huyu ni mwanamke yeyote tu. Nilikuwa sahihi, na hapo ndipo panaponiuma. Video ilitoka simu hadi simu. Wamama wa makala waliitazama mara mbili, mmoja akalia.

Siku ya nne yule mama alifika kwetu kwa miguu, baada ya kuuliza njia kila kona.

"Mutoto wangu, video yako ni ya muzuri sana," alisema.

"Aksanti, mama."

"Itoe."

Nilimuuliza kuna nini.

"Iko inatembea Kalengera. Shemeji yangu amenipigia. Watu wanasema, muke anamwimbia mugombea wa Goma, upande wa serikali, na bwana yake tunamwona hapa kila siku. Itoe, mutoto wangu."

Nilikwenda mbio Himbi, kwenye ofisi ya mgombea. Msaidizi alinitazama kama anayemtazama mutu aliyechanganyikiwa.

"Mudogo, hii ndiyo inayopendwa kuliko zote. Ulipigana nami ili sehemu hii ibaki. Leo unataka tuitoe yote?"

Nilimsihi mpaka akakubali kuitoa. Lakini kila mtu alikuwa tayari na nakala yake. Niliwapigia niliowajua, nikiwaomba waifute. Walisema ndiyo. Wawili walinirudishia ileile video na kunipongeza.

Juma lile simu ya bwana wa yule mama iliacha kuita. Labda simu iliishiwa moto wa betri, labda alipita mashambani akakimbia. Hakuna aliyeniambia ni kwa ajili ya video, na hakuna aliyeniambia si kwa ajili yake. Nilipokuwa nikienda kumtembelea, mama alinipa kiti na kuniuliza kama nimekula. Nilitamani anitukane. Baadaye kambi ilivunjwa, naye akashika njia ya Kalengera na watoto wake kumtafuta. Tangu hapo sina habari yao.

Bado natengeneza video, maana ndiyo kazi ninayoijua. Lakini sasa, kabla ya kuwasha kamera, nakaa na mtu na kumuuliza ni nani wake aliyebaki wapi, na ni simu za nani zinazoweza kufika huko. Jibu likinitia hofu, narudisha kamera mfukoni na kwenda nyumbani. Video zangu hazipendwi kama zamani.