Hendeli ya Kuazima

Bega la kulia ndilo lililoanza. Maumivu ya mgongo nilikwisha kuyazoea, maana kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao, na katika kazi hii asiyeumwa mgongo bado mgeni. Lakini bega lilikuja na maumivu ya namna yake. Asubuhi nikitaka kufunga mtandio, mkono ulifika usawa wa sikio ukagoma. Nikawa nainama, nafunga kwa mkono wa kushoto, mume wangu akinitazama kutoka kitandani bila kusema kitu. Sababu aliijua.

Tunaishi ndani ya boti, ndefu na nyembamba kama behewa la treni, kwenye mfereji unaopita mashariki mwa London. Watu wakisikia hivyo huniambia, "Mna raha nyie!" Si raha iliyotuleta. Mwenye nyumba wetu wa Kilburn alipouza fleti, tulizunguka kutafuta nyingine mpaka viatu vikaisha, na mwisho wa mizunguko ulikuwa boti hii, iliyokuwa ya mtu aliyefanya kazi na mume wangu. Hatuna gati letu. Asiye na gati hasogei kwa kupenda. Kwa sheria ya mfereji, kila baada ya wiki mbili lazima afungue kamba akafunge mahali pengine. Na kusogea maana yake ni loki.

Pale ardhi inapopanda, mfereji hauwezi kupanda nayo. Kwa hiyo wamejenga chumba cha matofali chenye milango mizito ya mbao mbele na nyuma, nacho ndicho loki. Boti inaingia, milango ya nyuma inafungwa, maji yanaachiwa kutoka upande wa juu, na boti inainuka taratibu mpaka ilingane na maji ya upande wa juu. Maji yanazuiwa na kibao kilichozama chini kabisa, na kibao hicho kinainuliwa kwa hendeli: chuma kilichokunjwa, chenye tundu la pembe nne unalolivisha kwenye ncha ya mtambo. Unazungusha, jino la chuma linaanguka kwenye gurudumu kulizuia lisirudi nyuma, tak, tak, tak, kibao kinapanda. Yote yako mikononi mwako. Baadhi ya mitambo ni laini. Mingine imeshika kutu, au maji yanakikandamiza kibao kwa nguvu zote, na unazungusha kama mtu anayevuta ndoo ya mawe kisimani.

Ukikaa ukingoni utaona boti nyingi zina desturi moja: mume ameshika usukani, mke yuko juu anapigana na vyuma. Kwetu ilikuwa hivyo hivyo, lakini mume wangu alikuwa na udhuru. Kifua chake kilichoka alipokuwa akifanya kazi ghalani Stratford, na tangu hapo akipanda ngazi chache hupumua kama aliyekimbizwa. Alijaribu hendeli mara moja, mwanzoni kabisa. Alizungusha kidogo, akashika boriti ya mlango, ule mti mrefu wa kuusukumia, midomo ikageuka rangi. Nilimnyang'anya ile hendeli, na baada ya hapo hatukulizungumza tena. Yeye usukani, mie vyuma.

Binti yetu, aliyezaliwa hapa hapa London na ambaye Kiswahili anakisikia lakini anajibu kwa Kiingereza, alikuwa akinipigia simu kila Jumapili akiniambia niende kwa daktari. Nilikwenda. Daktari alinipa mazoezi ya kutambaza vidole ukutani na akasema nipumzishe bega. Nikamwambia nitajitahidi. Kesho yake nilikuwa kazini, na keshokutwa kwenye loki.

Miongoni mwa wazee niliowatunza alikuwamo mmoja Stratford, Mhindi mzaliwa wa Mwanza, aliyewahi kuwa na duka la vyuma kule kabla hajahamia huku. Miguu yake ilikuwa haina nguvu tena, lakini ulimi ulikuwa nazo zote. Nilipoingia siku ya kwanza akasikia nakohoa na kusema "astaghfirullah," aliniuliza kwa Kiswahili, "Mama, wewe mtu wa wapi?" Nikamwambia Pemba. Akacheka mpaka akafuta macho. Baada ya hapo hatukuzungumza Kiingereza isipokuwa mbele ya wanawe.

Nyumbani kwake kulikuwa na mashine ya kumnyanyua kutoka kitandani. Kazini kwetu ni marufuku kumnyanyua mtu kwa mikono; unamfunga mkanda, unabonyeza kitufe, mashine inambeba. Siku moja nilipoinua mkono kumfunga mkanda, nilitoa sauti bila kutaka.

"Bega limefanya nini?" akauliza.

"Halijafanya kitu, mzee."

"Mimi nimeuza spana miaka mingi. Najua sauti ya kitu kilicholegea. Limefanya nini?"

Nikamweleza habari za boti na loki na hendeli, huku mashine ikimpandisha taratibu, miguu yake ikining'inia. Aliniangalia kutoka kule juu.

"Yaani mimi mnanibeba kwa umeme," akasema, "halafu wewe unakwenda kuinua mto mzima kwa mkono?"

Aliliona tatizo kuwa dogo sana. Hendeli ni fupi, akasema. Mkono ukiwa mrefu, nguvu inayotakiwa inapungua. Nitafute bomba la chuma, nilivike kwenye mkono wa hendeli, kazi itakuwa nyepesi. Nilimfikishia mume wangu maneno hayo, naye akakata bomba kuukuu, akalisugua mpaka likaingia. Nilimwona amefurahi kuliko nilivyomwona siku nyingi, kwa sababu angalau alikuwa ametenda jambo.

Na kweli, loki ya kwanza ilikuwa nyepesi. Nilizungusha nikitabasamu peke yangu. Ya pili, bomba liligonga uzio wa chuma kabla halijamaliza mzunguko, ikabidi kila mara nilichomoe na kulirudisha. Ya tatu ilikuwa maeneo ya Hackney, mchana, mvua ya manyunyu. Mtambo wake ulikuwa mgumu, na ili bomba lisigonge boriti nililazimika kusimama upande, mguu mmoja ukingoni. Nilivuta kwa uzito wangu wote. Kumbe lile jino la kuzuia lilikuwa limekwisha makali. Likaruka.

Mwenye hendeli mkononi anafundishwa jambo moja kabla ya mengine yote: ikianza kuzunguka yenyewe, usiishike, iachie uondoke. Niliiachia. Kibao kiliporomoka, mtambo ukageuka kama pangaboi, bomba likachomoka likapita karibu na uso wangu, nikausikia upepo wake. Liligonga uzio, likaingia majini. Hendeli nayo ikaruka ikalifuata. Kisha kukawa kimya, na mie nimekaa chini kwenye matofali yaliyolowa, sijui nimekaaje.

"Umeumia?" Mume wangu alikuwa anapiga kelele kutoka chini, ndani ya kile chumba cha matofali. "We! Umeumia?"

Sikuweza kumjibu. Kwa hiyo yeye alichoona ni ukuta mrefu tu, na juu yake hakuna mtu. Mara nikasikia anapanda ngazi ya chuma iliyomo ukutani, yenye ute wa kijani, ngazi ambayo nilimkataza hata kuigusa. Kichwa kikatokea, kisha mabega. Alitambaa mpaka nilipo, akanishika uso kwa mikono miwili akaugeuza huku na huku. Kifua kilikuwa kinalia kama filimbi.

"Sina kitu," nikamwambia. "Vuta dawa yako. Iko wapi dawa yako?"

Ilikuwa kwenye boti.

Nilishuka kuifuata na bega langu lile lile, nikapanda nayo tena. Tulikaa kwenye boriti ya mlango, tumelowana, boti yetu iko chini yetu katikati ya safari, haikupanda wala kushuka, na sisi hatuna hendeli nyingine. Nilijikuta nalia, si kwa uchungu. Nilikuwa nimechoka tu. Nilichoka mpaka machozi yalitoka yenyewe, kama vile milango ya loki inavyovuja.

Akaja mwanamke wa Kiingereza, mrefu, mvi kichwani, ametangulia kwa miguu kuitazama loki wakati boti yao inamfuata nyuma. Mkononi alikuwa na hendeli, lakini si kama zetu. Kichwa chake kilikuwa kinene, na ndani yake mna racheti, gurudumu la meno linaloshika upande mmoja tu, kama ile spana ya mafundi wa magari. Alituuliza kama tuko salama, kisha hakuuliza zaidi. Aliivisha kwenye mtambo na kuanza kuisukuma: chini, juu, chini, juu. Hakuzungusha mzunguko hata mmoja. Akisukuma chini kibao kinapanda. Akirudisha juu, hendeli inarudi bure bila uzito. Uzio haukumzuia, boriti haikumzuia. Jino lile bovu alilishika kwa kidole cha mkono wa pili mpaka likakaa sawasawa. Alisema aliwahi kuvunjika kifundo cha mkono, na bila chombo hiki angekwisha kuhama mferejini. Akanipa nijaribu. Nilisukuma kwa mkono wa kushoto, na kibao kikapanda.

Nilipomhadithia mzee wa Stratford, alikirudisha kikombe chake mezani. Kisha akasema, "Lile bomba lingekupiga kichwa."

"Halikunipiga."

"Mimi ndiye niliyesema bomba. Bila kuuona mtambo. Muuza vyuma gani anauza kitu bila kuuliza kinakwenda wapi?" Hata chai hakuinywa siku ile.

Baada ya siku chache nilipofika, juu ya meza yake palikuwa na hendeli ya racheti, mpya, inang'aa, mkono wake una mpira. Alikuwa amemwagiza mwanawe. Moyo wangu uliruka, kisha ukaanguka, maana kwetu ni mwiko kupokea zawadi kwa tunaowatunza. Mtu anafukuzwa kazi kwa kupokea hata saa ya ukutani.

"Siwezi kuichukua, mzee."

"Kwa nini?"

"Sheria ya kazi."

"Sheria imekuona ulivyokaa kwenye mvua?"

Nilimpigia simu msimamizi wangu pale pale, nikitumaini. Alisema hapana, kwa upole, lakini hapana. Mzee alikuwa anasikiliza. Akanyoosha mkono, akataka simu, akazungumza naye kwa Kiingereza cha dukani: kama zawadi haikubaliki, je, kuazima? Chombo ni chake, kitabaki chake, mwanawe anajua. Msimamizi alicheka, akasema atazungumza na huyo mwana kwanza. Walizungumza. Wiki iliyofuata niliondoka Stratford na kile chuma ndani ya mfuko wa sokoni, kwenye basi nimekipakata kama mtoto.

Mpango wangu ulikuwa kuendelea kama zamani, mie juu na mume wangu usukani, tofauti iwe chombo tu. Lakini tulipofika loki, kabla sijashuka, alisimama mlangoni mwa boti akanizuia.

"Nipe mie," akasema.

"Nikupe nini? Umesahau kifua?"

"Nimeitazama. Ukisukuma mara moja unaweza kupumzika. Jino linashika. Hakuna anayenikimbiza. Nipe."

"Na boti ataishika nani?"

"Wewe."

Sikuwahi kuiongoza. Tulitazamana. Siku zote hizo nilidhani kimya chake kila asubuhi, nikifunga mtandio, ni cha mtu asiyeona. Sikujua mtu anaweza kuona kila kitu akakosa pa kuweka mikono. Nikampa.

Alikwenda polepole. Alisukuma, akasimama, akatazama bata, akasukuma. Watu wawili waliokuwa wakipita walitaka kumsaidia, akawaambia asante, ana nafasi. Ilichukua muda mrefu mno, na boti nyuma yetu ilianza kutupigia honi. Mie nilikuwa na shida zangu: usukani wetu ni fimbo ndefu huko nyuma, ukiisukuma kushoto boti inakwenda kulia, na akili yangu ilikataa kulielewa hilo. Niligonga ukuta wa kulia, nikarekebisha, nikagonga wa kushoto. Ndani nilisikia vyombo vikianguka, kimoja baada ya kingine.

"Taratibu, bibi!" akaniita kutoka juu.

"Wewe shughulika na vyuma vyako!"

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikaisha bila dawa.

Yule mzee alihamishiwa mji wa Leicester, karibu na binti yake mkubwa. Kabla hajaondoka nilimpelekea hendeli, nimeisafisha na kuipaka mafuta. Aliigeuza mkononi, akakagua meno yake, akanirudishia akisema sijamaliza kuitumia, na kwamba Leicester haina kazi nayo. Tuliagana hivyo, na mashine yake ya kumnyanyua ikiwa imekwisha kubebwa.

Bega halikupona sawasawa. Linaniamsha zikija siku za baridi, na kazini bado nafunga mikanda kwa mkono wa kushoto. Mwezi uliopita tulipanda mpaka Camden, loki tatu zinazofuatana, watalii wamejaa kwenye daraja na simu zao. Mume wangu alisimama kati yao, anasukuma, anapumzika, anasukuma, jasho limelowesha kofia. Mie nilikuwa chini kwenye kivuli cha kuta, usukani kwapani, nasubiri maji. Tulipotoka juu alishuka akakaa kando yangu, magoti yametengana. Nikamwuliza kama tufunge hapo hapo au tuendelee mbele kidogo palipo na utulivu. Akasema popote, mradi tulale.